Fuvu, Shoka la Jiwe na Kimondo: Mwongozo wa Safari ya Familia kwa Gari, Dar hadi Mbozi

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma wengi tunaijua kwa malori, mizani na tochi za trafiki. Tunaipita kwenda msibani, kwenda harusini au kumpeleka mtoto shule ya bweni, na muda wote tunahesabu kilomita zilizobaki. Kumbe kando ya barabara hiyo hiyo kuna fuvu lililotajwa kwenye mkataba mkubwa wa amani wa dunia, kuna mashoka ya mawe ya watu walioishi zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, na kuna pande la chuma la tani 16 lililodondoka kutoka angani. Vyote vitatu unaweza kuwaonyesha wanao katika likizo moja.

Sisi tumeifanya safari hii mara mbili, wazazi wawili na watoto watatu. Mara ya kwanza tuliikimbiza. Tulitaka kuona kila chumba, kusoma kila kibao na kupiga picha kila kona. Tuliporudi, bibi yao akamuuliza mdogo ameona nini, akajibu: twiga wa Mikumi. Twiga ni haki yake, lakini niliumia, maana tulikuwa tumesimama mbele ya fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na mtoto hakulikumbuka. Mara ya pili tulibadili utaratibu. Kila kituo tulichagua kitu kimoja tu, tukamwandaa mtoto kukifikia hicho, na yote mengine tukayachukulia kuwa nyongeza. Utaratibu huo ndio ninaokupa hapa.

Hatua ya kwanza: panga siku sita, na uzipange mwezi wa sita

Shule zinafunga Juni na Desemba. Chagua Juni. Desemba mvua zinakuwa zimeshaingia Nyanda za Juu Kusini, korongo la Isimila, penye mashoka ya mawe, linateleza, na njia ya vumbi ya kwenda kwenye kimondo inageuka tope. Juni ni kavu, ila ni baridi kweli kweli. Mtoto wa Mbagala au Tabata ambaye hajawahi kuona moshi ukimtoka mdomoni ataupata Mafinga asubuhi, na huo nao ni somo. Beba masweta na soksi nzito.

Siku ya kwanza ni ya kuendesha, Dar hadi Iringa, kama kilomita 500. Ya pili ni ya Iringa mjini na Kalenga, liliko fuvu. Ya tatu, Isimila asubuhi, kisha mnashika njia ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Ya nne ni ya kimondo, na usiku mnarudi kulala Mbeya. Siku mbili za mwisho ni za kurudi mkilala njiani. Ukiwa na siku nne tu, ishia Iringa na usisikitike. Kalenga na Isimila kwa utulivu ni bora kuliko vituo vyote vitatu huku watoto wamelala kwenye kiti cha nyuma.

Kama una nafasi, wiki moja kabla ya kuondoka wapeleke Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Posta. Nia ni wajue makumbusho ni kitu gani: kwamba kuna vitu vya kweli nyuma ya kioo, kwamba haviguswi bila ruhusa, na kwamba kuna mtu pale ambaye kazi yake ni kujibu maswali. Wavulana wangu waliganda kwenye magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Sawa tu.

Hatua ya pili: andaa mkoba wa watoto

Mkoba huu uwe wao wenyewe. Weka daftari moja kwa kila mtoto, penseli, tochi ndogo, kofia, na chupa ya maji isiyovuja. Ongeza tepu ya kupimia, ile ya mafundi seremala. Kisha tafuta sumaku. Spika mbovu ya redio ina sumaku nzuri kabisa, na fundi yeyote wa redio mtaani kwako atakutolea. Usiwaambie watoto ni ya nini. Wabebe hivyo hivyo hadi Mbozi.

Kwenye daftari, kila mtoto aandike swali moja kwa kila kituo kabla hamjafika. Andika nao garini, msiwaachie wenyewe. Binti yangu mkubwa aliandika kwa Kalenga: "Kwa nini mtu aibe kichwa?" Lile swali lilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma usiku.

Hatua ya tatu: fedha na vitambulisho

Viingilio vya raia wa Tanzania ni vidogo ukilinganisha na vya wageni, na watoto hulipa pungufu zaidi. Lakini lazima uonyeshe kuwa ni raia, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisibaki nyumbani. Kama mmefuatana na shangazi kutoka Muscat au binamu aliyezaliwa Uingereza mwenye pasipoti ya huko, jueni yeye ataingia kwa bei ya wageni, na mjadala wa getini hausaidii kitu. Bei hubadilika, basi ulizia upya kila msimu. Vituo vya serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, na mtandao wa vijijini una siku zake. Weka salio la kutosha kwenye simu, na noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya mwongoza wageni na vitu vya njiani.

Jambo moja wengi hawalijui: kwenye makumbusho ya mbali, mtu mwenye ufunguo anaweza kuwa ameenda shambani. Jioni ya siku iliyotangulia mwombe mwenyeji wa gesti unayolala akusaidie kupata namba ya simu ya pale, umpigie mhusika, umwambie mnakuja watu wangapi na saa ngapi. Dakika mbili za simu zinaokoa saa mbili za kusubiri chini ya mti.

Hatua ya nne: barabarani

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkivuka Morogoro mapema, joto halijawakuta. Angalia matairi na spea, kizima moto na pembetatu za tahadhari. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, iheshimu hata kama huoni trafiki, kwa sababu watoto wa wenzako wanavuka pale.

Kabla ya kuingia Hifadhi ya Mikumi simama watoto wakajisaidie. Barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50, na huko hakuna kuchimba dawa. Tembo na twiga mtawaona kwenye gari, mkitembea polepole. Kugonga mnyama kuna faini, na vibao vipo.

Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda, la sivyo gari litanuka siku sita. Baada ya pale mnaanza kupanda Kitonga. Gia ndogo, subira, na usiyapite malori kwenye kona. Waambie watoto wazime simu watazame bonde, maana hapo ndipo mnapoacha joto la chini na kupanda kwenye nchi ya Wahehe.

Kabla ya Iringa mjini mtapita Lugalo. Watoto wa Dar wanalijua jina hilo kwa kambi ya jeshi na hospitali ya huko Mwenge. Simama kando, mahali salama, uwaambie: jina lilitoka hapa. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilivamiwa na wapiganaji wa Mkwawa mahali hapa, na Zelewski akauawa. Dakika tano zinatosha. Mtoto akishajua kwamba jina la kituo cha daladala limebeba vita, kesho yake Kalenga ataingia akiwa na hamu.

Hatua ya tano: Kalenga, mbele ya fuvu

Asubuhi ya siku ya pili anzeni na Boma la Iringa, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Nusu saa, picha za zamani, vyombo vya nyumbani. Kisha nendeni Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini kwenye njia ya kwenda Ruaha.

Hapa fundisha adabu kabla ya historia. Kalenga ni makumbusho na pia ni nyumbani kwa ukoo wa Mkwawa, na ndugu zake wamezikwa hapo. Watoto watoe shikamoo kwanza. Wakijua na "Kamwene," salamu ya Wahehe, watafunguliwa mioyo. Mzee aliyetupokea sisi aliposikia "Kamwene" kutoka kwa mwanangu mdogo wa miaka sita, alicheka, akainama, akamshika mkono, na tangu hapo alimwelezea yeye mambo yote, sisi wengine tukawa wasikilizaji.

Chumba ni kidogo. Kuna silaha, kuna vitu vya familia, na kuna fuvu ndani ya kioo. Usimkimbize mtoto kulifikia, wala usimfiche. Mwandae garini kwa maneno ya kweli yanayolingana na umri wake. Wa miaka sita nilimwambia: huyu alikuwa Mtwa wa Wahehe, alikataa kutawaliwa, na alipokufa wakakichukua kichwa chake wakakipeleka mbali, kikarudi baada ya miaka mingi. Wa miaka kumi na tatu anastahili yote.

Na yote ni haya. Baada ya Lugalo, Wajerumani walijipanga upya, na mwisho wa Oktoba 1894 wakaishambulia ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mwombe mwongoza wageni awaonyeshe ulipo upande wa Tosamaganga, jina ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni kutupa mawe, kwa sababu ya makombora yaliyotoka huko. Ngome ikaanguka, Mkwawa akaponyoka. Kwa karibu miaka minne alipigana akihama hama msituni, huku kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe. Kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kisha inakuja sehemu ambayo watoto wakubwa huishika. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kwenye kifungu cha 246 kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Fikiria: mataifa makubwa yamekaa kugawana dunia, na katikati ya karatasi zao kuna mtu wa Kalenga. Hata hivyo halikurudi hadi mwaka 1954, gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolipata kwenye makumbusho ya Bremen. Lilikuwa na tundu la risasi, na vipimo vyake vililinganishwa na vichwa vya jamaa zake. Aliyekuwa chifu wa Wahehe wakati huo, Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, baadaye akawa Spika wa Bunge letu.

Mpe binti yako nafasi ya kuuliza swali lake kwa sauti. Wangu aliuliza, na mzee akanyamaza kidogo kabla ya kujibu: "Mjukuu wangu, ukichukua kichwa cha mtawala unataka watu wake wasiwe na pa kukusanyikia." Aliliandika hilo kwenye daftari neno kwa neno.

Msiingize kitu kingine kizito siku hiyo. Jioni wapandishe Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake ni jiwe linaloongea. Inasemekana Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari. Wacha wakimbie, wale mahindi ya kuchoma, watazame jua likizama juu ya mji.

Hatua ya sita: Isimila, shoka mkononi

Isimila ni kama kilomita 20 kutoka Iringa, kwenye barabara ya Mbeya. Fikeni asubuhi kabla jua halijawa kali, maana kwenye korongo hakuna kivuli cha maana. Viatu vya kufunga, si ndala.

Watu wengi huja kupiga picha kwenye nguzo za udongo, na ni nzuri kweli, zimesimama ndefu kuliko nyumba. Lakini kitu chenu kimoja hapa kiwe shoka la mkono. Kulikuwa na ziwa mahali hapa zamani, na watu wa kale walikaa kando yake wakachonga mawe. Mashoka hayo yalionekana mwaka 1951, na wachimbaji wa elimu ya kale wakafanya kazi hapo 1957 na 1958. Walipata pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo.

Mwombe mwongoza wageni amkabidhi kila mtoto shoka moja, alishike. Msimwambie jinsi ya kulishika. Atalizungusha, na ghafla litatulia kwenye kiganja, upande mnene ndani, ncha nje. Nilimwona mwanangu wa kati uso ukibadilika pale lilipotulia. Mkono wake ulikuwa umekutana na mkono wa mtu mwingine, na hakuna kitabu cha shule kingempa hilo.

Baadaye litarudishwa chini. Wakumbushe na mtangulie kwa mfano: hakuna kuweka hata kipande mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na jiwe lililohamishwa halisemi tena lilitumika wapi.

Nguzo zielezeni kwa vitendo. Chota udongo kando ya gari, si ndani ya korongo, fanya kichuguu, weka kokoto moja juu, kisha mimina maji ya chupa taratibu kama mvua. Udongo wa pembeni utachukuliwa, ulio chini ya kokoto utabaki umesimama. Ndivyo tabaka gumu la juu linavyolinda laini la chini. Kisha ndiyo mteremke mkaone nguzo zenyewe. Watoto watakuwa wakitafuta "kokoto" ya kila moja.

Mkitoka hapo, Mafinga mtapita msitu wa misonobari wa Sao Hill, Makambako mtapata upepo, na mtaingia Mbeya jioni.

Hatua ya saba: Mbozi, sasa toa sumaku

Kutoka Mbeya shikeni barabara ya Tunduma, mpite Mbalizi na uwanja wa ndege wa Songwe. Kimondo kiko kijiji cha Ndolezi, nje ya lami, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufika Vwawa. Kila mwendesha bodaboda anajua "kwenye kimondo". Jazeni mafuta Mbeya, msisubiri sheli ya mbele.

Kwa mbali kinaonekana kama jiwe jeusi tu, na watoto watasema hivyo hivyo. Usiwabishie. Mwombe mhusika ruhusa kwanza, kisha mpe mdogo sumaku. Wetu alipoisogeza, ilimponyoka vidoleni ikagonga, tak, ikang'ang'ania. Akajaribu kwenye jiwe la pembeni, ikadondoka. Akarudi kwenye kimondo, ikashika. Alifanya hivyo pengine mara kumi. Hapo ndipo nilipomwambia: hili si jiwe, ni chuma. Takribani asilimia 90 ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Mwaka 1930 mtaalamu wa miamba alipotaka kipande kidogo tu cha kupima, alikereza kwa msumeno wa chuma kwa muda wa saa kumi. Tafuteni pale kilipokatwa.

Sasa tepu. Wakubwa wapime urefu, watapata mita tatu na ushei. Kisha waende wapime gari lenu. Gari ni refu kuliko kimondo, na lina uzito wa tani moja na nusu hivi. Kimondo kina tani 16, sawa na magunia 160 ya mahindi ya kilo mia mia. Waache wapige hesabu wenyewe kwenye daftari, wapate kwamba ni kama magari kumi yaliyobanwa kwenye nafasi pungufu ya gari moja.

Swali litakalokuja ni: shimo liko wapi? Hakuna shimo, na ndilo linalofanya watu wa miamba waamini kilianguka zamani sana, kiasi kwamba mvua na udongo vimefuta alama. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukiandika mwaka 1930. Wakati huo kilikuwa kimefukiwa, sehemu ya juu tu ikionekana. Wakachimba kukizunguka, wakaacha udongo chini yake kama kiti, wakauimarisha kwa zege. Wapitishe watoto mkono pembeni, penye vishimo vishimo, waseme wenyewe kinafanana na nini. Wetu walisema unga wa ugali uliofinywa kwa vidole.

Usiku, mkiwa Mbeya, mpigieni bibi simu. Kila mtoto aeleze kitu kimoja, na wazazi mkae kimya. Ukisikia amekosea mwaka au jina, mwache amalize. Mtarekebisha kesho garini kwa daftari.

Wakati wa kurudi

Msijaribu Mbeya hadi Dar kwa siku moja mkiwa na watoto. Laleni Iringa, nunueni nyanya Ilula na vitunguu Ruaha Mbuyuni. Makambako mtaona njia inayokata kwenda Njombe na Songea, na mtu mmoja garini atasema twende tukaone Makumbusho ya Majimaji, walikozikwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Inastahili, lakini ni karibu kilomita 300 kutoka hapo kwenda tu, na habari ile inahitaji watoto wenye akili iliyopumzika. Andikeni swali lake kwenye ukurasa mpya wa daftari, mlifunge, na mlitunze hadi Juni ijayo.